Tiki Ishirini na Nne

Mtu niliyemchukia kuliko wote maishani nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa miaka sita. Kila asubuhi aliitikia marahaba kwa sauti ya upole kiasi kwamba nilirudi dukani kwangu nikijiona mimi ndiye mbaya.

Mtaa wetu wote wa Utemini, hapa Singida mjini, ulimwita Mzee wa Mapokezi, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikaa kwenye meza ya mbele ya yadi ya magari iliyokuwa ng'ambo ya barabara, ikitazamana na duka langu la steshenari. Yadi ile iliuza magari yaliyotumika kutoka Japani, na nyuma yake kulikuwa na gereji ya kufanyia sevisi. Mwenye yadi aliishi Dodoma na alifika mara chache. Ukitaka kununua gari, ulianza na Mzee. Ukitaka sevisi, ulianza na Mzee. Ukiwa na malalamiko, ulianza na Mzee na ukaishia hapo hapo kwa Mzee.

Hakujua chochote kuhusu magari. Hakuwa na leseni. Sikuwahi hata mara moja kumwona amekaa upande wa dereva. Alichokuwa nacho ni shati jeupe lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na kumbukumbu ya watu. Mnyaturu alisalimiwa kwa Kinyaturu, Mnyiramba kwa Kinyiramba, na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa alisalimiwa kwa maneno matatu ya Kigujarati ambayo nadhani ndiyo yote Mzee aliyoyajua. Akishakusalimia anauliza habari za mtoto wako aliyekuwa na kifafa, anamtaja kwa jina. Ukifika wakati wa kuuliza habari za gari, tayari umeshakuwa mgeni wake, na mgeni hambani mwenyeji kwa maswali.

Nakumbuka mwalimu mmoja kutoka Ikungi, mtu mwembamba mwenye daftari. Alinunua gari dogo, akarudi baada ya wiki moja.

"Mzee, usukani unavuta kushoto."

"Kushoto peke yake?"

"Kushoto peke yake."

Mzee akafikiri, au akajifanya anafikiri. "Mwalimu, hiyo barabara ya Ikungi imelala kushoto. Hujaiona?"

"Kwa hiyo nikiwa narudi huku mjini mbona hauvuti kulia?"

"Imelala kushoto kwenda na kurudi."

Watu waliokuwa wanasubiri wakacheka, na mwalimu naye akacheka kwa sababu hakutaka kuonekana mgumu. Aliondoka na usukani wake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa mapokezi na bahasha ya nakala. Nilijua ni mpangilio wa magurudumu. Nilijua hata mahali kwenye kitabu cha gari lile ambapo jambo hilo limeelezwa.

Hapo lazima niseme nilijuaje, maana sikusomea. Nilimaliza kidato cha nne, nikafungua steshenari kwa kompyuta moja na mashine moja ya kutolea nakala, hata za rangi. Yadi ile iliniletea vitabu vya magari ili niwapigie wateja nakala za kurasa chache, na mimi sina uwezo wa kupiga nakala ya kitu bila kukisoma. Ni ugonjwa. Nikiona ukurasa wa kumi na mbili nataka kujua ukurasa wa kumi na moja ulisema nini. Nilianza kupakua vitabu vizima kwenye simu, kisha nikaanza kuandika daftari: aina ya gari, aina ya injini, oili yake, mapungufu yake. Nimejaza madaftari manne. Usiku nalala nikijiuliza kama namba ya oili niliyoandika ukurasa fulani ni sahihi, naamka nakagua. Nahesabu nakala za mteja mara tatu. Mtu wa namna hii hakufaa kuwekwa kutazamana na Mzee wa Mapokezi.

Magari mengi ya Japani yakiwashwa hutoa sauti ya mwanamke anayezungumza Kijapani. Wateja walipenda kuuliza anasema nini. Mzee alikuwa na majibu ya kutosha kila mtu. Shehe aliambiwa linamtakia safari yenye baraka. Muuguzi wa hospitali ya mkoa aliambiwa linamkumbusha kufunga mkanda. Mama mmoja mfanyabiashara wa alizeti kutoka Shelui aliambiwa linasema, "Karibu bosi." Mimi nikaitafuta maana yake kwenye simu kwa jioni mbili. Mwanamke yule alikuwa analalamika tu kwamba kadi ya kulipia barabara za kwao haijachomekwa. Nilivuka barabara nikamwambia Mzee, nikiwa na furaha ya kitoto.

"Mwanangu," alisema, "mama wa Shelui hiyo kadi ya Japani ataipeleka wapi?"

Nikarudi dukani kwangu. Na ukweli ni kwamba yule mama alirudi kwao na "Karibu bosi" yake akiwa mtu mwenye raha kuliko mimi.

Sevisi ndiyo iliyonitia kichefuchefu. Gari likiingia gereji asubuhi, lilitoka saa tisa likiwa limeoshwa mpaka ndani ya vizibo vya magurudumu, matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha, na kwenye dashibodi kuna kikopo kipya cha manukato. Kilichofanyika chini ya boneti kilitegemea fundi aliamkaje. Nilimsikia Mzee mwenyewe akimwelekeza fundi: "Gari likinukia vizuri, mteja hasikii kelele." Alisema vile kwa upole, kama mtu anayefundisha wema.

Na baada ya kuoshwa, gari lilitoka na fomu.

Fomu ile ndiyo iliyotukutanisha. Wiki ya kwanza nilipofungua duka, Mzee alivuka barabara na karatasi moja iliyochakaa kwenye mikunjo. Juu iliandikwa Ukaguzi wa Gari, na chini yake mambo ishirini na nne: breki za mbele, breki za nyuma, oili ya injini, mkanda wa feni, na kuendelea, na namba kumi na moja mafuta ya gia boksi. Mbele ya kila jambo palikuwa na kisanduku, na kila kisanduku kilikuwa na tiki.

"Nitolee nakala hamsini."

"Mzee, hii imeshajazwa. Nadhani umechukua siyo yenyewe."

"Ndiyo yenyewe."

"Si wanatakiwa wajaze wakishakagua?"

"Wakijaza mmoja mmoja wanachafua. Kuna fundi ana mikono ya oili mpaka kwenye kiwiko. Hivi inatoka safi."

Kuna mtu aliweka tiki ishirini na nne siku moja, miaka mingi kabla yangu, kwenye gari moja ambalo labda halipo tena duniani. Tangu siku hiyo kila gari la Singida lililopita pale lilipewa afya ya gari lile. Ningeweza kukataa. Wateja nilikuwa nao wachache, lakini sitasingizia njaa. Ukweli ni mbaya zaidi. Nilipoitazama karatasi ile, kilichoniudhi hakikuwa uongo wake. Kilichoniudhi ni kwamba tiki ya kisanduku cha kumi na saba ilikuwa imepinda, imetoka nje ya mstari.

Nikamwambia naweza kuichapa upya.

Nilikaa nayo siku nzima. Nilipanga visanduku vikawa sawasawa. Kisha nikachora tiki kwa kalamu ya bluu, moja moja, kila moja tofauti kidogo na nyingine, nyingine ndefu, nyingine nzito mwanzoni, ili zionekane zimewekwa na mtu aliyekuwa anatembea kuzunguka gari. Nikaziingiza kwenye kompyuta na kuzichapa kwa rangi. Nilipompelekea, Mzee aliishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Sasa hii ni kazi," alisema.

"Niache kisanduku kimoja au viwili wazi? Ili ionekane ya kweli zaidi."

Hilo swali niliuliza mimi. Hakuna aliyenituma.

"Hapana. Ukiacha wazi, mteja atauliza."

Nilirudi dukani nikiwa nimeridhika.

Mzee hakuwa mwizi, na hilo ni gumu kulielewa kwa mtu anayetaka kumchukia vizuri. Sikuwahi kusikia amechukua cha mtu. Misiba yote ya Utemini alikwenda, na alikaa mpaka mwisho. Nilipougua malaria nikaanguka dukani, yeye ndiye aliyeniona kutoka ng'ambo. Alimwamuru dereva wa yadi anipeleke hospitali, akaja nami, akakaa kwenye benchi huku ameshika viatu vyangu mkononi mpaka dripu ilipoisha. Aliniletea uji. Alinipepea kwa fomu ya ukaguzi.

Na alikuwa na baiskeli. Ilikuwa nyeusi, kuukuu, na alikuja nayo kazini kila siku. Jumamosi mchana aliigeuza miguu juu nyuma ya gereji, akavua shati jeupe, akabaki na fulana, akafuta mnyororo kijino kwa kijino kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Alizungusha pedeli kwa mkono, akainamisha kichwa, akasikiliza. Nilimwona akibadilisha gololi moja tu iliyokuwa na doa. Alipata shida wiki nzima kuipata ya ukubwa ule. Kwa hiyo alijua. Alijua kabisa kwamba kitu kinachobeba mtu kinatakiwa kusikilizwa. Alilijua hilo Jumamosi, na Jumatatu akavaa shati lake jeupe.

Kuna siku nilijaribu. Mteja aliuliza gari alilolichagua linatumia oili gani, Mzee akamwambia oili yoyote nzuri. Nikasema kutoka mlangoni kwamba lile lina oili yake nyepesi, nikataja namba. Watu wote sita waligeuka. Mzee hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeimba kwenye harusi.

"Umesomea wapi, mwanangu?"

Hakukuwa na kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikasema sijasomea. Fundi mmoja akasema, "Amesomea kwenye mashine ya kopi," na kicheko kikavuka barabara kabla yangu. Tangu hapo nilipeleka nakala zangu, nikaamkia, nikatoka.

Sasa niseme la mama yangu.

Mama ni mfanyabiashara wa asali. Anainunua Itigi kwa warina na kuiuza Singida mjini. Miaka yote alisafirisha ndoo zake kwenye mabasi, akigombana na makondakta kuhusu ndoo zinazovuja. Alipopata uwezo wa kununua gari dogo la mizigo, aliniuliza mimi, na mimi nikamchagulia, kutoka yadi ile ile. Gari lilikuwa zuri. Lilikuwa na gia boksi ya otomatiki ya aina ya mkanda: ndani yake hakuna meno ya gia kama ya kawaida, kuna mkanda wa chuma unaoteleza kati ya magurudumu mawili. Mkanda huo unataka mafuta yake maalumu. Ukiweka mafuta mengine, unajisaga taratibu mpaka unakufa. Niliandika hayo kwenye daftari la tatu na kuyapigia mstari mara mbili.

Siku ya sevisi ya kwanza nilivuka na nakala mia moja za fomu. Mama alikuwa mapokezi, amekaa kwenye kiti, anakunywa chai aliyoletewa na Mzee kwa mkono wake. Mlango wa gereji ulikuwa wazi. Fundi alikuwa chini ya gari la mama, na pembeni yake kulikuwa na galoni ya mafuta mekundu ya gia, yale ya kawaida.

Fundi akatoka chini, akasoma kijiti cha kupimia. "Mzee, hapa wameandika kitu kwa Kijapani. Na hii namba siyo ya kwenye galoni."

"Hayo si mafuta ya gia?" Mzee akauliza.

"Ni ya gia."

"Na ile si gia boksi?"

"Ni gia boksi."

"Basi weka. Mama anasubiri."

Fundi alinitazama. Sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu nilikuwa nimekodoa macho. Nilikuwa na sentensi yote mdomoni. Nilikuwa hata na ukurasa. Lakini nilikuwa nimeshasema shikamoo, na mapokezi palikuwa na watu wanne, na mama alikuwa anamwambia jirani yake wa kiti, "Huyu mzee ana adabu, sijapata kuona." Nilifikiri: nikisema, ataniuliza tena nimesomea wapi, na safari hii mama atasikia jibu. Nikaweka fomu mezani. Nikazinyoosha kingo zikalingana. Nikatoka.

Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni mama alikuwa na furaha, gari linanukia. Nikajiambia labda kitabu kimekosea. Nikakagua. Hakikukosea. Nikakaa kimya siku hiyo, na iliyofuata, na kila siku ilifanya iliyofuata kuwa ngumu zaidi.

Gari lilikufa baada ya safari chache, kwenye vichaka baina ya Itigi na Manyoni, saa nne asubuhi, likiwa na ndoo kumi na tano za asali. Injini ilinguruma, gari halikwenda. Jua lilipopanda, harufu ya asali ikatoka, na nyuki wakaja. Mama alifungua mlango akakimbia, akasimama mbali barabarani, amejifunika khanga, akawatazama wakilifunika gari. Lori lilimchukua saa tisa. Aliporudi nyumbani jicho moja lilikuwa limefunga kabisa na mdomo umehama. Nilimtoa miiba shingoni kwa kibano, nikihesabu. Ilikuwa thelathini na moja. Kila nilipotoa mmoja nilifungua mdomo kusema, kisha nikatoa mwingine.

"Gari lilichoka tu," mama alisema. "La mtumba ni la mtumba."

Uvimbe ulipoisha tulikwenda yadi. Mzee alisimama, akampa mama pole kwa mikono miwili, macho yamemlowa kweli. Kisha akafungua faili, akatoa fomu ya gari la mama.

"Mama, mimi nisingekudanganya. Soma mwenyewe. Namba kumi na moja, mafuta ya gia boksi. Unaona hapo? Fundi alikagua, akaweka tiki kwa mkono wake."

Mama akainama akaitazama. Ile tiki ya kumi na moja niliipenda kuliko zote. Ilikuwa nzito chini, nyepesi mwishoni, kama ya mtu mwenye uhakika.

"Kweli," mama alisema. "Wamekagua."

Gari liliuzwa vipuri. Mama akarudi kwenye mabasi na makondakta wake. Niliacha kutoa nakala za fomu ile, nikisema mashine ya rangi imeharibika. Mzee akatafuta duka jingine bila kunung'unika, na akaendelea kuniitikia marahaba.

Yadi ilifungwa miaka miwili iliyopita, mwenye mali alipohamishia biashara kwingine. Mzee akapotea. Mwaka huu, baada ya mvua za masika, nilikuwa kwenye kibanda cha mama sokoni namsaidia kuchuja asali kwenye chupa, Mzee akaja. Amekonda. Shati lilikuwa jeupe bado.

"Shikamoo," nilisema, kabla sijaamua kusema.

"Marahaba, mwanangu. Mama, habari za siku nyingi? Macho yanaendeleaje?"

Mama alifurahi kama ameonana na ndugu. Alimpa kigoda, akafuta chupa kubwa, akaijaza asali mpaka shingoni, akasema hiyo ni yake, asitoe kitu. Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na shida, alisema. Kijana wake alikuwa anataka kununua gari kwenye yadi moja mpya.

"Nimekwenda naye. Mama, vijana wa pale hawajui kitu. Unauliza swali, anakujibu kitu kingine. Nilitoka nimechukia." Alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. "Nimekuja kumwomba huyu binti anisaidie kulikagua. Huyu anajua magari kuliko sisi wote. Tangu zamani."

Mama akacheka. "Huyu? Wapi, baba. Angekuwa anajua, si angeniambia habari ya gari langu?"

Alisema kwa mzaha, anafunga kifuniko cha chupa nyingine. Mzee hakucheka. Alitazama chini, na hapo nikaelewa kwamba siku ile ya mafuta mekundu aliniona nikikodoa macho.

"Nilijua, mama," nilisema.

"Ulijua nini?"

"Magari yale yalikuwa na matatizo yake," Mzee alianza, kwa ile sauti ya mapokezi, "inategemea na njia, na mzigo—"

"Mzee, nyamaza kidogo."

Sijawahi kumwambia mtu mzima neno hilo. Muuza vitunguu wa kibanda cha pili aligeuka. Mama alifungua mdomo anikemee, kisha akaniona uso, akaufunga.

Nikasema yote. Galoni nyekundu, fundi alivyonitazama, watu wanne mapokezi. Nikasema tiki ya kumi na moja niliichora mimi kwa kalamu ya bluu, na nyingine zote ishirini na tatu. Nikasema hata lile swali la kuacha visanduku wazi. Sikuwa mtu jasiri. Niligundua hata nayapanga maneno yatoke vizuri, nikajichukia kwa hilo pia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, chupa magotini. Hakukana hata neno moja.

Mama alinyoosha mkono akaichukua ile chupa kutoka kwake. Hakuinyakua. Aliichukua kama unavyompokea mtu mzigo. Akaifuta, akairudisha kwenye rafu pamoja na nyingine. Alipogeuka alikuwa ameshika shingo yake kwa nyuma.

"Nitokeeni hapa," alisema taratibu. "Wote wawili."

Nikasema, "Mama."

"Wote wawili, nimesema."

Tukatoka. Nje jua lilikuwa kali na njia ya sokoni ilikuwa nyembamba, imejaa matenga ya nyanya, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kusimama mbali naye. Tukasimama pale, mimi na Mzee wa Mapokezi, bega kwa bega, bila kutazamana, kama watu wa ofisi moja.